Kuanzia Ukurasa wa Kumi na Saba

Nilikinunua kwa Mwinyikondo, pale kando ya Posta,
elfu mbili na mia tano, baada ya kuvutana.
Hakina jalada. Kinaanza ukurasa wa kumi na saba,
katikati ya sentensi: "na deni la mahari ya dada yake."
Kwa hiyo sijui alizaliwa lini, wala jina alilopewa.
Mwandishi anamwita "mshairi wetu" tu,
nami nimemzoea hivyo, kama jirani
unayemjua kwa kikohozi, ng'ambo ya ukuta.

Mshairi wetu alikuwa karani. Hapo ndipo aliponinasa.
Miaka mia saba nyuma, mji wa mawe huko Italia,
akinakili hati za sufu na mashamba
kwa Kilatini, lugha ambayo wauzaji hawakuijua,
wakichora msalaba chini ya maneno
walioambiwa ni yao.

Nami nilikuwa karani Kisutu. Chumba namba nne.
Mwaka ule hukumu bado zilikuja kwa Kiingereza,
nikazigeuza nimesimama, koo kavu,
mbele ya mtu aliyeshika kizimba kwa mikono miwili
akinitazama mimi, si hakimu.

Ukurasa wa arobaini na mbili, akaacha Kilatini.
Akaandika mapenzi, matusi, sala na bei ya mvinyo
kwa maneno ambayo mama yake aliitia kuku.
Wasomi wakacheka mpaka wakashika mbavu.
Alipanga mistari mitatumitatu.
Sisi tungesema tathlitha, kisha tukagombania vina.

Chama chake kikashindwa. Akatozwa faini
kwa kosa ambalo silijui vizuri
(panya wamekula pale). Akasema: silipi,
kulipa ni kukiri. Lango likafungwa nyuma yake.
Miaka kumi na tisa akala kwenye meza za watu,
akijifunza kuucheka mzaha wa mwenye nyumba
kabla haujaisha.

Jumatano moja wakamleta Chambuso, muuza miwani ya jua,
kakamatwa Mtaa wa Uhuru,
biashara mahali pasiporuhusiwa.
Hakimu akasoma mistari kumi na moja.
Nikaigeuza. Faini, au mwezi mmoja.
Akanyamaza, kisha: "Dada, maneno yote yale
ni elfu hamsini tu?"
Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikuweza.
"Basi silipi. Nikilipa, nimekiri barabara si yangu."

Ningeapa kwamba alikuwa amesoma ukurasa wa sitini.
Akapanda karandinga, miwani moja bado kichwani.

Usiku ule Magomeni umeme ukakatika. Kwa mshumaa,
nyuma ya hati ya mashtaka iliyokosewa chapa,
nikaandika kwa niaba ya wote wawili:

    Faini sitoi, katu, langoni nitoke hima,
    Nyumba nimeacha kwetu, na sufuria ya sima,
    Lugha nimebeba yetu, hiyo haibaki nyuma.

Si shairi kubwa. Mizani imetimia,
nimehesabu kwa vidole mara mbili.

Kitabu kinaishia ukurasa wa mia mbili na nne:
ametumwa mbali, amerudi kupitia vinamasi,
jioni anatetemeka, anaomba blanketi,
asubuhi anatoka jasho, anasema amepona,
keshokutwa anatetemeka tena.
Matabibu wake wanalaumu hewa mbaya.
Basi. Zilizobaki zimechanika.

Hewa! Mimi namfahamu mgeni yule.
Alilala kwetu kila masika,
akaondoka na mdogo wangu Siwatu mwaka wa mafuriko.

Kwa hiyo nafunga kitabu, namshika mshairi wetu mkono,
namvusha barabara hadi Mnazi Mmoja, dirisha la kadi.
"Jina la mgonjwa?" Silijui.
"Umri?" Mkubwa. Mkubwa sana.
Wanamtoboa kidole. Tunakaa kwenye benchi.
Ananiinamia, anauliza kwa lugha ya kuitia kuku,
wale kwenye foleni wanasema nini.

Namgeuzia. Neno kwa neno.
Safari hii sifupishi.